Molekuli haijafika: hesabu inayosahaulika kwenye vipimo vya magonjwa

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mbeya ambao uliwapa watu wa kifua kikuu matumaini makubwa. Watafiti walichukua mkojo wa wagonjwa 231 waliodhaniwa kuwa na TB ya mapafu, wakautafutia lipoarabinomanani, kwa kifupi LAM, molekuli ya sukari na mafuta inayotoka kwenye ganda la bakteria wa TB na baadaye kuonekana kwenye mkojo. Kipimo chao cha ELISA, kinachonasa molekuli kwa kingamwili maabara, kiliwabaini takriban asilimia 80 ya wale ambao makohozi yao yaliotesha bakteria maabara. Ni mkojo, jamani. Mtoto mdogo anashindwa kutoa makohozi, mgonjwa aliyedhoofu naye anashindwa, ila mkojo hauna mtu asiye nao. Miaka minne baadaye, 2009, ukachapishwa utafiti mwingine wa ELISA ya LAM kutoka Mbeya hiyohiyo. Safari hii kipimo kilikamata karibu nusu tu ya wagonjwa, na kwa wenye VVU kilifanya vizuri zaidi kuliko kwa wasio na VVU.

Tofauti kama hiyo ina sababu nyingi, na hali ya kinga ya mgonjwa ni mojawapo iliyo kubwa. Siendi kuibebesha fizikia mzigo wote. Lakini ukisikiliza mazungumzo yanayofuata matokeo ya namna hii, iwe kwenye korido za vyuo au kwenye vikao vya manunuzi, utakuta karibu yote yanaishia kwenye kingamwili, zile protini zinazoishika molekuli inayotafutwa: tutafute kali zaidi, tununue ya kampuni nyingine. Mimi naona tunaanzia katikati ya safari. Kihisi, yaani kifaa kinachonasa viashiria vya ugonjwa juu ya uso wake, kinapaswa kuulizwa kwanza jambo jingine: kati ya molekuli zilizomo kwenye sampuli, ni ngapi zinafika kwenye uso huo kabla mgonjwa hajachoka kusubiri? Vifaa vingi vinavyosifiwa kwa unyeti mkubwa, yaani uwezo wa kubaini ugonjwa pale ulipo, vinalikwepa swali hilo, na wengi wetu tunaviruhusu.

Kwa Nyanda za Juu Kusini suala hili si la kinadharia. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 uliweka Njombe juu kabisa, asilimia 12.7 ya watu wazima, ikifuatiwa na Iringa kwa 11.1 na Mbeya kwa 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kipimo cha haraka cha LAM kwenye mkojo kimependekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 kwa watu wenye VVU walio wagonjwa sana, na mwongozo ukapanuliwa 2019. Ukitafuta mahali ambapo ubora wa kipimo hicho unaamua nani aanze dawa leo na nani arudi nyumbani Makete au Ludewa bila jibu, ni hapa kwetu.

Tuhesabu basi. Kipimo cha haraka cha LAM kinachotumika sana kinahitaji maikrolita 60 za mkojo na kinasomwa baada ya dakika 25. Huanza kuonyesha mstari LAM inapokuwa karibu nusu nanogramu kwa mililita, kukiwa na tofauti kutoka maabara moja hadi nyingine. Uzito wa LAM ni takriban daltoni 17,000 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni). Ukipiga hesabu ya darasani, ndani ya hizo maikrolita 60 kuna molekuli kama bilioni moja. Bilioni! Mgonjwa ambaye LAM yake iko chini ya hapo mara kumi bado ameleta molekuli milioni mia moja mezani, na kipimo kinamwambia hana kitu. Mstari haukutokea ilhali ugonjwa umo kwenye kikombe.

Isitoshe, kikombe chenyewe kina mililita 30, pengine 50. Ukichukua maikrolita 60 kati ya mililita 30 umechukua sehemu moja kwa 500, na sehemu 499 zinamwagwa chooni. Hapo hata kingamwili haijaguswa.

Turudi kwenye hizo chache zilizoingia kwenye kifaa. Molekuli ndani ya maji yaliyotulia haina mahali inapokwenda. Inasukumwa huku na kule na maji, inarudi ilikotoka, inazunguka. Kutangatanga huko wanafizikia wanakuita difyusheni, na kanuni yake ni katili: umbali ukiongezeka mara kumi, muda unaongezeka mara mia. Protini ndogo hutumia karibu nusu sekunde kutangatanga maikromita 10. Kwa sehemu ya kumi ya milimita inataka sekunde 50. Kwa milimita moja, dakika 80 na zaidi. Sasa fikiria sahani ya ELISA yenye visima 96, ile iliyopo karibu kila maabara ya utafiti. Ukitia maikrolita 100 kisimani, maji yanafika kina cha milimita tatu hivi, na kingamwili zimebandikwa chini. Molekuli iliyoko juu, kama hakuna anayetikisa sahani, itahitaji saa 12 kushuka hadi chini. Ndiyo maana maabara zina mashine za kutikisa sahani, na ndiyo maana mwanafunzi anayeruka hatua ya kutikisa kwa kuwa umeme umekatika anapata namba za ajabu kisha anailaumu kemikali.

Mambo yanaharibika zaidi pale kingamwili inapokuwa nzuri. Kingamwili kali inanasa haraka kila kilicho jirani nayo. Baada ya muda mfupi maji yanayogusa uso yanabaki hayana kitu, na tabaka hilo tupu linazidi kunenepa. Kila molekuli mpya inalazimika kulivuka kwa kutangatanga. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kituo cha kununulia kahawa Mbozi msimu wa mavuno anaijua hali hii: unaweza kuwa na mizani kumi na makarani hodari, lakini kahawa ya vijiji vya karibu ikishaisha, kasi ya kituo inapangwa na barabara. Ukiongeza mizani ya kumi na moja hupati hata gunia moja la ziada.

Wahandisi wana namba ya kupima nani anamchelewesha mwenzake. Inaitwa namba ya Damköhler, kwa jina la mkemia wa Kijerumani Gerhard Damköhler, na inalinganisha kasi ya kunasa na kasi ya kufika. Ikiwa kubwa kuliko moja kwa mbali, usafiri ndio unaochelewesha, na fedha utakayotumia kununua kingamwili bora itapotea. Ikiwa ndogo kuliko moja kwa mbali, molekuli zinafika kwa wingi ila zinapita bila kushikwa, na hapo kweli ukanunue kingamwili. Kwa maoni yangu, andiko la mradi wa kihisi lisilo na namba hii halijaanza kusomeka. Hesabu yake haihitaji kompyuta kubwa. Inahitaji kujua vipimo vya chumba, kasi ya maji, wingi wa kingamwili usoni na kasi yake ya kushika, na vyote hivyo mbunifu anapaswa kuwa navyo tayari.

Kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukiwanasa vijana wengi wenye akili, nao ni udogo. Tumeaminishwa kwamba kihisi kikiwa kidogo zaidi ndivyo kinavyokuwa na unyeti zaidi: waya wa nanomita, nukta ya nanomita, kitu kinachoweza kuihisi molekuli moja. Kuihisi, ndiyo, kinaweza. Swali ni itafika lini. Chukua kihisi cha duara chenye kipenyo cha maikromita mbili ndani ya maji yaliyotulia, na kiashiria kiwe kwenye kiwango cha femtomola moja (molekuli kama 600 tu kwa maikrolita), kiwango kinachotajwa kwa fahari kwenye mabango ya mikutano. Hesabu ya difyusheni inatoa molekuli moja kila baada ya dakika 70 hivi. Hiyo ni kama kila inayofika inanaswa papo hapo, jambo ambalo halitokei. Ongeza kipenyo hadi sehemu mbili za kumi za milimita, na molekuli moja itafika kila sekunde 42. Mwaka 2005, mwaka uleule wa utafiti wa Mbeya, Paul Sheehan na Lloyd Whitman walichapisha Marekani hesabu ya namna hii na kuonyesha kwamba vihisi vya kiwango cha nanomita, bila njia ya kuzisukuma molekuli ziende kwavyo, vitakwama kwenye kiwango cha pikomola, mara elfu ya femtomola, kwa muda wowote ambao binadamu anaweza kuusubiri. Miaka ishirini imepita. Mabango ya femtomola yangali yanabandikwa.

Dawa inayokuja haraka kichwani ni kupitisha maji: weka pampu, sampuli itiririke juu ya uso, tabaka tupu lipungue unene. Inasaidia, lakini malipo yake ni ya chini kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mfereji mwembamba, kasi ya kunasa inaongezeka kwa kipeuo cha tatu cha kasi ya mtiririko. Ukitaka kunasa kwa kasi mara mbili, itabidi maji yaende mara nane. Sampuli nayo itatumika mara nane, kwa hiyo sehemu unayonasa kati ya zote zilizopita inashuka hadi robo ya ile ya mwanzo. Mwenye sampuli nyingi, kama mkojo, anaweza kukubali biashara hiyo. Mwenye tone la damu ya kidole cha mtoto hawezi. Huyo wa pili anapaswa kupitisha polepole kwenye mfereji mwembamba sana, ili karibu kila molekuli ipate nafasi ya kugusa ukuta kabla ya kutoka. Kwa hiyo kasi ya kunasa na uangalifu wa kutopoteza ni malengo mawili yanayovutana, na mbunifu anayedai kifaa chake kina yote mawili namwomba achore mfereji wake na kuandika vipimo pembeni.

Hapa ndipo kipimo cha haraka, kile cha kipande cha plastiki chenye utepe ndani, kinapostahili heshima ambayo wasomi hawajakipa. Utepe wa nitroselulosi, kitu kama karatasi, una matundu ya maikromita kadhaa. Ndani ya tundu la namna hiyo molekuli iko karibu na ukuta daima, na kuufikia ni suala la sehemu ya sekunde. Karatasi imemaliza tatizo la usafiri bila pampu, bila umeme. Inarudisha tatizo kwa mlango mwingine: maji yanasonga haraka. Kwenye tepe nyingi yanapita sentimita nne kwa dakika mbili au tatu, na mstari wa kipimo una upana wa milimita moja hivi. Molekuli inakaa kwenye mstari sekunde chache tu, kisha imeshapita, haina kurudi. Kwa hiyo kwenye utepe kinachotakiwa ni kingamwili inayoshika upesi. Ile inayoshika polepole ingawa haiachii, ambayo kwenye sahani ya ELISA ya saa mbili ingeng'ara, hapa inaaibika. Nina hakika kingamwili kadhaa nzuri zimetupwa, na kadhaa dhaifu zimesifiwa, kwa sababu zilipimwa kwenye kifaa cha aina moja na kutumika kwenye cha aina nyingine.

Kizazi cha pili cha kipimo cha LAM, kile cha kampuni ya Fujifilm, kinafundisha vizuri nikikitazama kwa jicho hili. Watu wanakumbuka kwamba kilitumia kingamwili zenye mshiko mkubwa zaidi na kwamba kilikuza alama kwa madini ya fedha ili mstari uonekane. Ni kweli, na vyote vilisaidia. Kisichotajwa sana ni hatua yake ya kwanza: mkojo unachanganywa na kitendanishi kwenye kichupa na kuachwa dakika 40 kabla haujagusa utepe. Dakika 40 hizo ni muda ambao kingamwili zenye alama zinaelea katikati ya mkojo, kila upande, zikikutana na LAM palepale ilipo. Wabunifu waliziacha zishikane kwanza, ndipo wakazipeleka kwenye mstari. Kwa wagonjwa wenye VVU waliolazwa Afrika Kusini, unyeti ulipanda kutoka asilimia 42 hadi 70. Siwezi kukugawia asilimia ngapi ni za kingamwili, ngapi za fedha na ngapi za subira. Ila ukiniuliza ni sehemu ipi kati ya hizo tatu ambayo mbunifu wa hapa anaweza kuiiga bila maabara ya mabilioni, ni subira. (Kipimo hicho baadaye kilionekana kutofautiana kutoka toleo moja la kiwanda hadi jingine. Kutengeneza uso mmoja mzuri ni kazi. Kutengeneza elfu kumi zinazofanana ni kazi nyingine kabisa, nayo haina bango.)

Wazo hilohilo la kuupeleka uso kwa molekuli badala ya kuisubiri molekuli limefika mbali zaidi kwa punje za sumaku. Mwaka 2010 ilichapishwa mbinu inayotumia punje zenye kipenyo cha maikromita 2.7, zimevikwa kingamwili na kumwagwa ndani ya sampuli. Punje laki tano kwenye maikrolita 100 zinatosha ili molekuli ikutane na mojawapo ndani ya dakika mbili hivi, kwa difyusheni tu. Kisha sumaku inazivuta zote pembeni, uchafu unaoshwa, na punje zinahesabiwa moja moja. Mashine ya kuzihesabu ni ghali na hatuihitaji zahanati. Lakini punje na sumaku peke yake ni vitu rahisi, na kipande cha utepe mbele yake kinaweza kupokea LAM iliyokusanywa kutoka mililita kumi za mkojo badala ya maikrolita 60. Wengine wamekwenda njia ya jeli: 2017 watafiti walionyesha chembe ndogo za jeli zenye rangi inayoshikamana na LAM, zikaikusanya kutoka mkojo wa wagonjwa wa TB wasio na VVU kule Peru, kundi ambalo siku zote vipimo vya mkojo vimekuwa vikilikosa. Katika njia zote hizi kilichobadilika zaidi ni idadi ya molekuli zilizopewa nafasi.

Hata mashine ya GeneXpert, inayotafuta DNA ya bakteria wa TB, ambayo hospitali nyingi za mikoa yetu zinayo na ambayo haitumii kingamwili, inatii sheria hii. Ndani ya katriji yake bakteria wananaswa kwanza kwenye kichujio, wanaoshwa, ndipo wanapasuliwa. Toleo la Ultra la 2017 lilishusha kiwango cha chini kutoka takriban bakteria 113 kwa mililita hadi 16. Waliongeza vipande vya DNA vinavyotafutwa, ndiyo, wakachagua vinavyojirudia mara nyingi ndani ya bakteria mmoja. Lakini pia waliongeza chumba cha mmenyuko kutoka maikrolita 25 hadi 50, ili sehemu kubwa zaidi ya kilichonaswa iingie kazini. Wenye uzoefu hawaoni haya kupanua chumba.

Kuna upande wa uso wenyewe, nao nitaupitia haraka kwa sababu umeandikwa sana. Kingamwili zikimwagwa tu juu ya plastiki zinalala ovyo: nyingine zimeufunika mdomo wa kushikia, nyingine zimeharibika umbo. Sehemu kubwa ya ulichonunua kwa bei ya dhahabu haifanyi kazi. Ndiyo maana wapo wanaozisimamisha kwa protini A, inayozishika mkiani na kuiacha midomo wazi. Zikibanana kupita kiasi nazo zinazibana njia. Halafu mkojo na damu vimejaa protini nyingine zinazopenda kukaa popote, hivyo nafasi tupu lazima zizibwe. Kizibo kimojawapo kinachotumika maabara hadi leo ni maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Kwa mkoa kama Njombe, ambao maziwa hayana shida, ni faraja ndogo. Uchafu huu unarudi kwenye hoja yangu: ukikusanya mililita kumi za mkojo unakusanya na takataka zake, na uso usiozibwa vizuri utakuonyesha mstari kwa mtu mzima wa afya. Anayeniambia "ongeza tu sampuli" bila kutaja kuosha sijamwelewa.

Sasa niseme linaloniudhi. Kwenye mashindano ya ubunifu, kuanzia ngazi za vyuo hadi MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, vihisi vya afya vinapimwa kwa kioo chake. Je, kina Bluetooth? Kina programu ya simu? Kinatuma matokeo kwa ujumbe mfupi? Kijana wa chuo cha ufundi hapa Mbeya akileta kifaa chenye skrini ya rangi atapata makofi. Akileta kikombe cha plastiki chenye sumaku chini na daftari la hesabu atapewa cheti cha ushiriki. Siwalaumu vijana, wanafuata alama zinakotolewa. Lau ningekuwa jaji ningeuliza maswali yasiyopendeza: sampuli yako ni kiasi gani, ina molekuli ngapi kwa kiwango unachodai, zinasafiri umbali gani, kwa muda gani, na mwishoni umenasa ngapi? Akijibu kwamba amenasa moja kwa kila elfu kumi, nitampa alama kwa kujua. Anayeniambia "unyeti ni asilimia 99" kabla hajataja ujazo wa sampuli, huyo bado ana kazi.

Vivyo hivyo kwa zabuni. Nyaraka za manunuzi huomba unyeti na umahususi (uwezo wa kutomsingizia asiye mgonjwa) kama vilivyoandikwa kwenye kijitabu cha kiwanda, pamoja na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ni sawa na ni lazima. Lakini namba hizo zilipatikana kwenye maabara yenye joto la nyuzi 25, na mimi ninaishi kwenye nyanda za juu.

Asubuhi ya Julai kule Makete joto linashuka chini ya nyuzi 10, na Kitulo inapiga jalidi. Zahanati nyingi za huko hazina hita. Mhudumu anafungua mlango saa mbili akiwa na koti, na boksi la vipimo limelala kabatini usiku kucha. Maelekezo ya vipimo vingi vya haraka yanataka joto la chumba, mara nyingi kati ya nyuzi 15 na 30. Nini kinatokea tukishuka chini ya hapo? Maji ya nyuzi 10 ni mazito kwa karibu nusu kuliko maji ya nyuzi 25, kwa hiyo utepe unalowa polepole na muda wa kufika mstarini unaongezeka kwa kiasi kinacholingana na hicho. Difyusheni inapungua kwa zaidi ya theluthi. Kushikana kwenyewe kunazembea pia. Mhudumu akisoma dakika ileile iliyoandikwa kwenye kijitabu, sampuli iliyopita mstarini ni ndogo kuliko aliyoipitisha mwenzake wa Kyela kwenye joto.

Upande wa pili, maji yanayokwenda polepole yanaipa molekuli muda zaidi juu ya mstari, na muda ndio uliokuwa umekosekana kwenye utepe. Kwa hiyo sitasema kwamba vipimo vya Makete vinakosea. Huenda kwa kingamwili fulani baridi inafidia, na kwa nyingine inaua mstari dhaifu kabisa. Jibu linategemea kipimo kimoja kimoja, na kulipata ni rahisi kiasi cha kuona aibu. Mkojo uliotiwa LAM kwa viwango vinavyojulikana, tepe za toleo moja, nusu zipimwe kwenye nyuzi 8 na nusu kwenye nyuzi 25, msomaji asijue ipi ni ipi, mistari ipigwe picha kila baada ya dakika tano hadi saa moja. Vyuo vya Mbeya vina wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada kila mwaka, jokofu wanalo, na kama jokofu limeharibika, basi la Makete linaondoka kila asubuhi.